Waya Mfupi wa Baba

Shamba la Mundy,
Njia ya Mto Arthur,
Marrawah, Tasmania.

Jumapili, 3 Februari 2013

Mpendwa mdogo wangu Athol,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Naanza na salamu kwa sababu Mama alitufundisha hivyo, na kama si Mama ningeanza moja kwa moja na kukugombeza. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Presha ya Jeanette imetulia? Na Tegan ameshajifungua, au bado mnahesabu siku? Nijibu yote haya, maana nauliza kwa dhati, ingawa nina hasira.

Mimi mzima. Mgongo unauma nikiamka, lakini ukifika wakati wa kukamua unakuwa umeshanyooka. Mvua hatujaiona tangu Krismasi, na upepo wa magharibi umekausha malisho mpaka ng'ombe wananitazama kama mimi ndiye niliyeufungulia. Majani ya akiba tuliyafunga mapema. Noeline jirani alikuja na trekta lake akanisaidia, na kama kawaida yake alinguruma kulishinda trekta. Viazi vimetoka vizuri. Habari njema zinaishia hapo.

Athol, kifurushi chako kilifika Alhamisi.

Nilikifungua mezani. Nilifungua kamba taratibu bila kuikata, nikaikunja nikaiweka kwenye droo, kama Mama. Nikatoa picha. Fremu ya mbao nzuri, kioo safi, na kadi yako imebandikwa nyuma: "Heri ya kutimiza miaka sitini na minane, dada. Hapa ni mlangoni kwetu. Baba angejivunia." Niliisoma kadi ile mara tatu. Kisha nikaigeuza picha ikatazama ukuta, nikatoka nje, nikapasua kuni ambazo hazikuwa na haja ya kupasuliwa.

Najua hukujua. Nalisema hilo mapema ili usije ukaiweka barua chini kabla hujafika mwisho. Lakini katika kutojua kwako kuna sehemu yako na kuna sehemu yangu, na zote mbili nitakueleza.

Kwenye picha kuna mashetani wawili, hawa wanyama weusi wa misitu yetu ya Tasmania, mbele ya kibanda cha Baba. Wa kushoto ni jike, mweusi tii, ana mstari mweupe kifuani uliokatika katikati. Ameachama mpaka koo linaonekana. Wa kulia ni dume mwenye kichwa kikubwa, na meno yake yamemshika jike pembeni ya mdomo. Chini yao amelala kangaruu mdogo aliyekufa, na nyasi zimepigwa na jua la jioni. Picha kali, sikatai. Mtu wa mjini ataitazama aseme kweli wanyama hawa wamepewa jina linalowafaa, ingawa wakisimama hawafiki hata gotini kwangu.

Yule jike ni Dulcie. Nimempa jina la shangazi yetu kwa sababu naye hufika mezani wa kwanza, huondoka wa mwisho, na muda wote analalamika. Anaishi chini ya sakafu ya kibanda. Mwezi ule wa Oktoba alikuwa na watoto wanne pale chini, ndio kwanza wametoka kwenye mfuko wa tumboni, hawawezi hata kumfuata mama yao. Ndiyo maana alikuwa anatoka kula jua likiwa bado juu. Mwenye vinywa vinne vya kunyonyesha hana nafasi ya kungoja giza kama wenzake.

Sasa nikueleze picha yako ilivyopatikana.

Uliponipigia simu Septemba kuniambia kwamba umempa bwana Grantley Hollick ruhusa ya kuleta wapiga picha kwenye kibanda, nilinuna lakini nikanyamaza. Kibanda na zile eka sita za nyuma Baba alituachia sote wawili, na wewe una haki ya kualika mtu. Nikajiambia, acha waje, labda wakiwaona watawapenda. Unajua wamebaki wachache kiasi gani. Ule uvimbe wa uso umewafyeka mashariki yote. Wanaambukizana kwa kung'atana, unaota mdomoni na shavuni mpaka mnyama anashindwa kutafuna, anakufa kwa njaa nyama ikiwa mbele yake. Huku kwetu ulikuwa haujafika. Nasema hivyo kwa sababu nakaa dirishani pa kibanda karibu kila jioni na darubini ya Baba, naangalia nyuso zao moja moja, na kwa miaka minane nimeona nyuso safi tu.

Hollick alikuja na wateja watano na magari mawili yaliyooshwa yakang'aa. Mwenyewe ana adabu ya maneno. Aliniita mama, akasifu keki yangu, akala vipande vitatu. Nilimwonyesha kangaruu wawili niliowaokota barabarani asubuhi ile, wamegongwa na malori ya maziwa, bado wabichi. Nikamwambia awaweke wote wawili, mmoja huku na mmoja kule, na nyaya za kuwafungia ziko kwenye ndoano nyuma ya mlango. Akasema ameelewa. Mimi nikaenda kukamua.

Ningebaki, Athol. Ng'ombe wangengoja. Hilo ndilo linaloninyima usingizi mpaka leo.

Nilikuwa kwenye ng'ombe wa mwisho niliposikia kelele. Wewe umezisahau, ni miaka arobaini. Mimi nazijua kama ninavyojua mlio wa mlango wetu. Kuna mguno wa kusema sogea kidogo, kuna ukali wa kusema paja hili langu, na kwa kawaida mambo huishia hapo. Wanapiga mayowe ungedhani wanachinjana, halafu unaangalia, hakuna hata mmoja aliyechubuka. Hii ilikuwa sauti nyingine, ya mnyama anayeumia na hana pa kurudi nyuma. Niliacha mashine inalia, nikanyakua beleshi lililokuwa mlangoni, hata sijui kwa nini beleshi, nikakimbia na miguu yangu hii unayoijua.

Kangaruu alikuwa mmoja. Alifungwa shingoni kwa waya usiozidi mkono wangu, kwenye kigingi kilichopigwa hatua tatu tu kutoka dirishani. Hakuweza kuvutwa wala kuzungushwa, na hakuna aliyeweza kurarua chake akaenda kula pembeni. Alibaki na upande mmoja tu wa kuliwa, na kwenye upande huo Dulcie na yule dume walikuwa uso kwa uso. Dume mwenyewe nilikuwa sijapata kumwona. Alikuwa ametokea ng'ambo ya msitu, upande wa mashariki. Na kwenye shavu lake la kushoto kulikuwa na uvimbe mkubwa kama yai, umepasuka juu.

Ndani ya kibanda kamera zilikuwa zinagonga kama mvua ya mawe kwenye bati. Dirisha lilikuwa wazi, na nilimsikia mwanamke mmoja, mteja, akisema, "Jamani, huyu wa kulia ana kitu shavuni. Anaumwa huyu."

Na Hollick akamjibu kwa utulivu kabisa, "Wewe piga tu. Hicho tutakifuta baadaye."

Tutakifuta! Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu Oktoba.

Niliingia katikati yao nikaanza kuupiga ule waya kwa beleshi. Pigo la tatu ukakatika. Dume akamwachia Dulcie, akamburuta kangaruu mpaka vichakani, na Dulcie akajitosa chini ya sakafu, damu inamtoka mdomoni. Nikabaki nimesimama uwanjani na aproni ya kukamulia, nahema, beleshi mkononi, na kamera tano zimenielekea. Kama picha zangu hizo zimekufikia huko Perth na umezificha, zichome.

Hollick alitoka akiwa amekunja uso kidogo tu, kama mtu aliyemwagiwa chai.

"Mama, umetuharibia mwanga wa wiki nzima."

"Nani kakwambia ufunge hivi?"

"Ndugu yako."

Nikamwambia asikusingizie, wewe umekulia hapa, na mtu aliyekulia hapa hawezi kufunga nyama hivyo. Hakubishana. Alikwenda garini akarudi na karatasi, akaninyooshea. Nilijua ni mwandiko wako kabla sijasoma neno. Umechora kibanda, dirisha, kigingi, na mshale, na chini ya mshale umeandika: "Hatua tatu kutoka dirishani. Waya mfupi, dhiraa moja, usizidi. Labda bado upo kwenye msumari chini ya dirisha. Mnyama mmoja tu. Ndivyo Baba alivyofunga siku zote, na walikuwa wanakuja mpaka uso kwa uso."

Nilikaa chini palepale kwenye udongo wenye damu, maana uliyoandika yalikuwa kweli.

Athol, unakumbuka kwa nini Baba alifunga mfupi? Ulikuwa na miaka saba, minane, anakuchukua mkae dirishani, unakatazwa hata kukohoa. Unakumbuka vichwa viwili vikikutana juu ya nyama. Unakumbuka ilikuwa siri yenu wawili, na mimi nikilia kwamba sichukuliwi. Umesahau Baba alikuwa ameshika nini. Alikuwa ameshika bunduki, mdogo wangu. Alifunga mfupi ili wasiweze kusogea. Alifunga hatua tatu kutoka dirishani ili asikose. Wakati ule kila mfugaji wa kondoo huku alifanya hivyo, na hakuna aliyeona haya kusema. Nadhani ulipenda kukaa na Baba kiasi kwamba ukakibakiza kiti, dirisha na bega lake, ukaiacha bunduki. Sikulaumu kwa hilo. Ila ujue kwamba hukumfundisha Hollick kulisha mashetani. Ulimfundisha mtego wa Baba wa kuwaulia, na vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Hapa ndipo inapoingia sehemu yangu.

Wewe uliondoka mwaka sabini na mbili kwenda migodini. Mwaka themanini na moja Baba alimpiga risasi jike mmoja palepale kigingini, na kesho yake tukasikia vilio chini ya sakafu. Aling'oa mbao mbili akaingiza mkono. Wawili walikuwa wameshakufa, wawili wazima. Tuliwalea kwenye sanduku la kuni kando ya jiko, kwa maziwa na nyama ya kusaga, na walitafuna viatu vyake vya kanisani mpaka vikabaki soli. Baba hakumwomba mtu msamaha, unamjua. Alikwenda ghalani akakata nyaya mbili mpya, kila mmoja hatua nne, akazitundika nyuma ya mlango wa kibanda. Bunduki akamrudishia mjomba. Tangu hapo akawa anafunga nyama mbili mbalimbali, kila moja kwenye waya mrefu, waivute watakavyo, waizunguke, kila mmoja apate upande wake. Akakaa dirishani na darubini mpaka mwaka aliokufa. Mara moja tu nilimuuliza sababu, akanijibu bila kuitoa darubini machoni: "Wakipata nafasi, Thirza, wanagombana kwa kelele tu."

Haya yote sikukuandikia. Nilikuwa na hasira na wewe kwa kuondoka, halafu kwa kutokuja mazishini, na usiniambie tena habari za mgomo wa ndege, ndege zilikuwa zinaruka. Basi nikakuacha na yule Baba wa zamani, na Baba wa mwisho nikabaki naye peke yangu. Nilimfungia kama mtu anayeficha mkate. Na ule waya mfupi niliuona kila siku kwenye msumari chini ya dirisha, una kutu, na kila siku nikasema kesho nitautupa. Kwa hiyo ukiona barua hii ina moto, ujue mwingine unaniunguza mimi mwenyewe.

Sasa ichukue picha, maana najua umebaki na yako. Tafuta waya. Haupo. Wameweka nyasi nzuri mahali ambapo hapakuwa na nyasi hata moja. Tafuta uvimbe. Shavu la dume limelainika kama limenyolewa. Wamefuta ugonjwa, wamefuta mtego, wakaacha meno. Chini zaidi kwenye kadi unasema kwamba watu walipanga foleni kuiona kwenye maonyesho. Sina shaka. Na kila mmoja ametoka pale akiamini kwamba hivyo ndivyo wanyama hawa wanavyokula.

Hollick anarudi tarehe tisa Machi na wateja wanane, kwa sahihi yako. Nilimpigia simu nikamkataza. Akaniambia kwa upole uleule kwamba ana karatasi ya mwenye nusu ya mali, na kwamba mimi ni mtu wa hasira. Hilo la pili hajakosea. Lakini Machi ndio mwezi wao wa kupandana, Athol. Madume wanakuwa kama wamelewa, wanang'ata chochote. Akifunga tena mfupi mwezi huo, mwakani nitakaa dirishani niangalie uwanja mtupu.

Humu ndani kuna karatasi ambayo Noeline ameiandika kwenye kompyuta yake. Inasema ruhusa yako imeondolewa. Weka sahihi, irudishe kwa posta ya haraka. Usimpigie simu Hollick kwanza ili akueleze, maana anajua kueleza.

Kuhusu Dulcie, kidonda chake kilipona Novemba, na watoto wote wanne wamekua, wanatoka wenyewe. Lakini wiki hii ameanza kula kwa upande mmoja wa mdomo. Nimempigia simu Maree, yule dada wa wanyamapori anayezunguka huku kupima mashetani, atakuja leo jioni kuweka mtego. Barua naiacha wazi mpaka nimsikie atakachosema.

Jumanne, 5 Februari

Jana asubuhi tulimkuta Dulcie ndani ya bomba la mtego la Maree, ameshakula chambo chote, amekaa kimya. Unakumbuka walivyo, ukimfunika gunia anatulia kuliko kondoo. Maree alimpakata mapajani kama mtoto, akamfunua mdomo wa chini kwa kidole gumba. Kivimbe kilikuwepo. Kidogo kama punje ya njegere, kwa ndani, upande uleule alioumwa.

Nilimuuliza kama hakiwezi kuwa kitu kingine, jipu, mwiba wa mfupa. Akasema atachukua kipande kikapimwe, lakini alisema hivyo akiangalia gunia.

"Ana dawa?" nikamuuliza.

"Hana, mama Thirza. Na nikimwacha hapa, Machi atang'atana na wenzake wote. Itabidi nimchukue akapumzishwe, asife kwa njaa."

Nikamuuliza na watoto je. Akasema wameshaacha kunyonya, wamenona, wana bahati wamekua karibu na mtu anayeokota nyama barabarani. Akawashika wawili akawaangalia midomo. Safi. Wale wengine wawili atarudi kuwaangalia.

Nikasema nitambeba mimi mpaka garini. Ni mzito kuliko anavyoonekana, Athol, na moyo wake niliusikia kupitia gunia. Nilingoja agune, anitukane kidogo kama kawaida yake. Njia nzima hakulalamika hata mara moja, na hapo ndipo nilipolia. Maree alijifanya anatafuta funguo.

Gari lilipoondoka nilichukua koleo la kukatia nyaya, nikaukata ule waya mfupi uliobaki kigingini vipande vipande, nikavitia kwenye debe la takataka. Ilinichukua dakika mbili. Dakika mbili nilizozikosa kwa miaka thelathini na miwili.

Jioni niliwafunga kangaruu wawili kwenye nyaya zile ndefu, huku na kule, nikakaa dirishani. Watoto wa Dulcie walitoka jua likiwa bado kwenye paa la ghala. Wa kwanza alinusa mlangoni pa shimo, akageuka nyuma kama anamngoja mtu, kisha akaja. Wakasukumana, wakapiga makelele mpaka mbwa wa Noeline akabweka kule kilimani. Mmoja akaivuta nyama kulia, ikaenda. Mwingine akaizunguka. Nilihesabu nyuso nne, na hakuna aliyemng'ata mwenzake.

Picha yako nimeitoa kwenye fremu. Nimechukua kalamu ya wino nikauchora waya pale ulipokuwa, na uvimbe pale ulipokuwa, na kigingi. Mimi si mchoraji lakini utaelewa. Naileta humu. Itundike ukutani hivyo hivyo, na mtu akikuuliza, mweleze wewe mwenyewe. Fremu sikurudishii, ni nzuri, nimetia picha ya Baba akiwa na kile kiatu kilichotafunwa, ambayo hujawahi kuiona na hutaiona mpaka uje.

Na kile kitu kizito ulichokikuta chini ya karatasi ni waya wa Baba, mmoja wa zile nyaya mbili ndefu. Unyooshe sebuleni kwako. Hamisha meza ya Jeanette kama haina budi, ufike mwisho, usimame pale uone ni nafasi kiasi gani aliyowapa.

Nisalimie sana Jeanette, umwambie bizari ya achari aliyonipa bado ninayo. Msalimie Tegan, umwambie mtoto akizaliwa niandikiwe mimi kwanza kabla ya wa upande wa mumewe. Noeline anakusalimia, anasema bado unadaiwa ngoma ya mwisho ya dansi ya mwaka sabini na moja. Mungu akuweke mzima, alitie nguvu goti lako, akufikishe hapa salama ili nikugombeze uso kwa uso, maana kwa kalamu sijashiba.

Waya usiurudishe kwa posta. Uje nao mkononi kabla ya tarehe tisa Machi. Hapa nimebaki na mmoja tu, na watoto ni wanne.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika hivi,

Thirza